Jiwe la Chambeshi na Watu Lisiowataja

Ukitoka Mpika kwenda Kasama, kaskazini mwa Zambia, utavuka mto Chambeshi. Kando ya barabara, karibu na daraja, pana mnara wa mawe wenye kibao na mzinga wa zamani. Madereva wengi hupita bila kusimama. Ukipata nafasi, simama usome.

Kibao kinasema kwamba hapo, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918, saa moja na nusu asubuhi, Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alipata habari za kusitishwa kwa vita kutoka kwa Hector Croad, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Kasama. Ulaya bunduki za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zilikuwa zimenyamaza tangu tarehe 11.

Majina ni hayo mawili tu. Sisi tunaofanya kazi ya malikale tunakiheshimu kibao hicho kwa sababu kinachosemwa pale ni kweli. Ila ni kweli iliyokatwa fupi mno. Jeshi lile liliposalimisha silaha Mbala, wakati huo ikiitwa Abercorn, tarehe 25 Novemba, Wazungu walikuwa 155. Askari Waafrika walizidi 1,100 na wapagazi 1,500, mbali na wanawake waliofuatana na waume zao pamoja na watoto. Lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili.

Walikuwa wametembea mwaka mzima. Novemba 1917 walivuka Ruvuma kuingia Msumbiji ya Wareno, Septemba 1918 wakarudi upande wa Songea, kisha wakageukia magharibi hadi Kasama. Popote walipopita waliishi kwa chakula cha wenyeji. Kijiji kilichovuna mtama au mihogo kiliweza kumaliziwa akiba yote ndani ya siku moja, na njaa iliyofuata haikuandikiwa jiwe popote.

Kwa nini wapagazi wengi hivyo? Jibu kubwa ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na inzi huyo, na magari yalikwama kwenye tope la masika, kwa hiyo mzigo ulihamia kichwani mwa binadamu. Fikiria mtu aliyebeba kilo 25 za unga, naye akihitaji karibu kilo moja kila siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, sehemu kubwa ya mzigo ameula mwenyewe, hivyo anahitajika mpagazi wa kumlisha mpagazi. Ndivyo Waingereza, waliolifukuza jeshi hilo, walivyofikia kuwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivyo, wengi wao kwa nguvu. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu 100,000 walikufa, na waliouawa na kuhara damu, malaria na kichomi ni wengi kuliko waliopigwa risasi. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaumiza watu ambao hawakuzoea kuula.

Kikosi hicho cha wapagazi wa Waingereza, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Zambia na Malawi wapagazi waliitwa tenga-tenga.

Hata baada ya Mbala mateso hayakukoma. Askari na wapagazi wa Wajerumani walivushwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapelekwa kwa reli kushikiliwa Tabora. Homa kali ya mafua ya 1918 iliwakuta huko, na wengi walifia kambini, vita vikiwa vimeshakwisha.

Historia ya watu hawa bado imo majumbani mwetu. Wapagazi wa Waingereza walipewa visahani vya chuma vyenye namba, wavivae. Kama ukoo wenu una kisahani hicho, au simulizi la babu aliyechukuliwa akabebe mizigo ya vita, msikisugue wala kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mrekodini mzee anayesimulia, mwandike jina la marehemu na kijiji alikotoka, kisha mpeleke nakala kwenye makumbusho iliyo karibu nanyi.