VPN huria haianiki ufunguo wako

Katika ofisi za Unguja na Pemba, wengi huamini kuwa VPN (njia iliyosimbwa ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa ofisi) ya programu huria haifai kwa siri za kazi, kwa vile yeyote anaweza kuusoma msimbo wake. Wasiwasi huo unaeleweka. Lakini kinachosomwa na wote ni namna kufuli lilivyoundwa; ufunguo hutengenezwa kwa kila mtumiaji peke yake, na haumo kwenye msimbo.

La kuuliza hasa ni ufunguo unakaa wapi. Fungua faili la mipangilio la WireGuard, mojawapo ya VPN huria, ulilopewa: mbele ya "PrivateKey" (ufunguo wako wa siri) pana mfuatano wa herufi, tarakimu na alama, jumla 44. Atakayelinakili faili hilo Chake Chake anaweza kujiunganisha kama wewe akiwa Dubai. OpenVPN, nayo huria, inaweza kutumia ufunguo uliofungiwa ndani ya kadi janja au chipu ya TPM (chipu ya kompyuta inayotunza funguo), kupitia PKCS#11, kiwango cha programu kuwasiliana na vifaa vya aina hiyo. Chipu hutia saini ya kidijitali, inayothibitisha kuwa ni wewe, humo humo. Ufunguo wenyewe hautoki. Hata hivyo, aliyekwisha kuidhibiti kompyuta yako huenda akaitumia chipu ikiwa hapo hapo.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama chipu ipo. Ikiwapo, muulize fundi wenu kwa nini ufunguo bado uko kwenye faili.