Charles Burnett na muvi iliyokwama miaka 30 kwasababu ya nyimbo

Mi kazi yangu ni kuedit muvi, na kila nikipata kijana wa kumfundisha cha kwanza namuwekea sini ya injini kwenye muvi ya Killer of Sheep. Jamaa wawili wamenunua injini kuukuu ya gari, hela ya kuungaunga, wanaishusha ngazini huku wanahema, wanaipakia kwenye pikapu ila wanaiacha pembeni kabisa maana mikono imechoka, gari linang'oka tu kwenye mlima injini puu, chini, imekufa. Kamera inaondoka na gari, injini inabaki barabarani inazidi kuwa ndogo.

Aliyeitengeneza muvi hii ni Charles Burnett. Kazaliwa 1944 Vicksburg, Mississippi, akiwa bado mdogo familia ikahamia mtaa wa Watts kule Los Angeles. Alianza kusomea elektroniki alafu akaingia chuo kikuu cha UCLA hukohuko Los Angeles kusoma filamu, pamoja na kina Julie Dash na Haile Gerima wa Ethiopia, vijana waliochoka kuona Hollywood inawaonyesha watu weusi kama majambazi na makuwadi tu.

Muvi yenyewe ndo ilikuwa kazi yake ya kumalizia shahada. Kaandika yeye, kadairekti yeye, kamera yeye, kuedit yeye. Bajeti haikufika dola 10,000, wanashuti wikendi, na wengi mnaowaona mle ni watu wa mtaa wake.

Akaimaliza 1977. Shida ikawa nyimbo. Wimbo mmoja una haki mbili jamani, ya aliyeutunga na ya rekodi yenyewe, na mara nyingi kila moja ina mwenyewe, kwahiyo unaweza kukubaliwa huku ukakwama kule. Kwa kazi ya chuo hakuwa amelipia, basi muvi ikashinda tuzo ya wakosoaji kwenye tamasha la filamu la Berlin 1981, ikawekwa 1990 kwenye orodha ya muvi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na bado haiwezi kuingia sinema kibiashara! Imekuja kutoka 2007, baada ya nyimbo kulipiwa kama dola 150,000.

Katikati hapo hakukaa tu, alitoa To Sleep with Anger (1990) akiwa na mwigizaji Danny Glover, na hiyo nayo itafuteni, na Oscar ya heshima kapewa 2017.

Watu wananiuliza si angebadilisha nyimbo tu yaishe. Hapana, haiwezekani, angalia Stan, mhusika mkuu, anavyocheza na mkewe. Stan anafanya kazi machinjioni, usiku hapati usingizi, hacheki. Wako kwenye giza mbele ya dirisha, Dinah Washington anaimba This Bitter Earth, wanazunguka taratibu na kamera haikati hata mara moja, mke anamshika mgongo, anambusu kifua, anamng'ang'ania, yani urefu wa ile sini ni wimbo wenyewe. Wimbo unaisha, Stan anajitoa mikononi mwake anaondoka, mama wa watu anabaki dirishani peke yake.