Dhana potofu kuhusu zamu za jumbe katika Pure Data na Max

Katika Pure Data na Max, programu ambamo sauti hutengenezwa kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya (mchoro mzima huitwa pachi), hitilafu zinazosumbua zaidi si za hesabu wala za kadi ya sauti. Ni za zamu: ujumbe upi ulitangulia na upi ulifuata. Zifuatazo ni dhana tunazokutana nazo mara kwa mara, na jinsi mambo yalivyo hasa.

Dhana: Tundu moja la kutolea (kila kisanduku kina matundu ya kupokelea juu na ya kutolea chini) likiwa na nyaya kadhaa, ujumbe hupita kwenye nyaya zote kwa pamoja.

Hakuna "kwa pamoja" hapa. Ujumbe hupelekwa waya mmoja baada ya mwingine, na lazima mmoja utangulie. Tofauti iko kwenye kinachoamua zamu hiyo. Katika Max huamua mahali vilipo visanduku vinavyopokea: kilicho kulia zaidi hupata kwanza, na vikiwa vimenyooka kwenye mstari mmoja wa wima, cha chini hutangulia. Katika Pure Data mahali hapahesabiki kabisa. Waya uliounganishwa kwanza ndio unaopeleka kwanza. Fungua faili la .pd kwa kihariri cha maandishi uone mistari inayoanza na "#X connect". Zamu ni mpangilio wa mistari hiyo. Kwenye skrini, pachi yenyewe haikuonyeshi lolote.

Chukua kazi ndogo ya kuzidisha namba kwa yenyewe. Una kisanduku cha namba, chini yake "*", waya mmoja unaenda tundu la kushoto na wa pili tundu la kulia. Tundu la kushoto ni la moto: likipokea namba, hesabu inafanyika papo hapo na jibu linatoka. La kulia ni la baridi: linahifadhi namba na kunyamaza. Sasa tuseme ndani ya Pure Data umeunganisha la kushoto kwanza. Ukiingiza 3, inazidishwa kwa 0 iliyokuwemo, jibu 0 linatoka, ndipo 3 inahifadhiwa upande wa kulia. Ingiza 4, unapata 12. Ingiza 5, unapata 20. Kila jibu limetumia namba iliyopita, na kwa kuwa 12 na 20 si namba za ajabu, kosa hili huweza kujificha muda mrefu ndani ya pachi kubwa.

Dawa yake: kata nyaya zote mbili, weka "t f f" katikati ("t" ni kifupi cha trigger, kisanduku kinachotoa ujumbe mara kadhaa kwa zamu, na kila "f" ni tundu moja la kutolea namba), kisha tundu lake la kulia liunganishe na la kulia la "*", la kushoto na la kushoto. Trigger hutoa kuanzia kulia kwenda kushoto, daima, katika programu zote mbili. Ukiingiza 4 utapata 16, hata ukikata nyaya na kuziunganisha upya kwa utaratibu wowote.

Dhana: Katika Max trigger si lazima, kwa sababu zamu inaonekana kwa macho.

Inaonekana mpaka siku utakapopanga visanduku ili pachi isomeke vizuri. Kisanduku kikivuka upande wa pili wa mwenzake, zamu imegeuka, na programu haitoi onyo lolote. Kipimo tunachokitumia ni hiki: nyaya mbili zikitoka tundu moja na matawi yake yakakutana tena mbele, au yakagusa thamani ileile iliyohifadhiwa, weka trigger. Matawi yasiyohusiana yaache yalivyo.

Angalia pia herufi unazoipa trigger. Katika Max, "t i" ("i" ni namba nzima) hukata desimali, kwa hiyo 0.7 ya kiwango cha sauti inatoka ikiwa 0 na sauti inazimika. Tumia "t f". Katika Pure Data, herufi "a" hupitisha ujumbe wa aina yoyote.

Dhana: Jumbe hushuka hatua kwa hatua, tawi hili likisubiri lile.

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote. Ujumbe unaotoka upande wa kulia wa trigger huenda mpaka mwisho kabisa wa tawi lake, pamoja na vijitawi vyote, ndipo trigger inapotoa wa pili. Tawi la kulia likiwa na visanduku 40 na la kushoto kimoja tu, vile 40 vitamaliza kwanza. Urefu wa tawi hauathiri zamu.

Ukitaka kuona kwa macho, weka visanduku vya print, vinavyoandika ujumbe kwenye konsoli (dirisha la maandishi la programu), vyenye majina tofauti, "print A" mwisho wa tawi moja na "print B" mwisho wa jingine, kisha usome mistari kwenye konsoli.

Ukishaelewa hilo, kihesabio cha kawaida hakina tena fumbo. Bang (ujumbe usio na namba, unaosema tu "fanya sasa") inaingia tundu la kushoto la "f", kisanduku kinachohifadhi namba, namba inatoka kwenda "+ 1", na jibu linarudi tundu la kulia la "f", lile la baridi. Linahifadhiwa na safari inaishia hapo. Ukilirudisha tundu la kushoto, "f" inatoa tena, "+ 1" inaongeza tena, na ujumbe wa kwanza haufiki mwisho kamwe. Programu inalalamika "stack overflow". Marudio yanayohitajika kweli yafanywe na "until" katika Pure Data au "uzi" katika Max. Kwa "until", hakikisha waya wa kuisimamisha umefika tundu lake la kulia kabla hujaianzisha, la sivyo programu nzima inaganda.

Dhana: Ujumbe ukiwahi mno, uucheleweshe kwa delay ya milisekunde 10.

Hapo umeficha kosa tu. Delay ikipokea bang nyingine kabla muda haujaisha, inaanza kuhesabu upya. Iwapo metro (kisanduku kinachotoa bang kila baada ya muda fulani) ya milisekunde 5 inailisha delay ya milisekunde 10, haitatoa kitu mpaka metro isimame. Hata "delay 0" inautoa ujumbe nje ya mkondo wake: utatoka baada ya kila kitu kilichoanza nao kumalizika, na anayesoma pachi hawezi kujua ulikusudia nini. Delay ni kwa ajili ya muda unaosikika. Zamu ni kazi ya trigger.

Dhana: Send na receive hufuata zamu ileile ya nyaya.

Send hupeleka ujumbe bila waya kwa kila receive yenye jina lake. Receive tano zenye jina moja hazionyeshi popote ipi inapata kwanza, kwa hiyo usijenge kitu juu ya zamu hiyo. Weka receive moja yenye trigger chini yake, au tumia majina tofauti na trigger iamue send ipi itangulie.

Dhana: Tundu la kulia ni la baridi siku zote.

Mara nyingi, ndiyo. Lakini "timer" ya Pure Data ni kinyume: bang ya kushoto inaanza kupima, ya kulia ndiyo inayotoa muda uliopita. Kupima muda kati ya bang mbili, tumia "t b b" ("b" ni bang) yenye nyaya zilizonyooka: kulia kwa kulia, ili muda usomwe kwanza, kisha kushoto kwa kushoto ili upimaji uanze upya.

Dhana: Trigger inaweza kupanga visanduku vya sauti pia.

Visanduku vyenye alama ya ~ havimo kwenye mkondo wa jumbe. Pure Data huvipanga yenyewe, kinacholisha kabla ya kinacholishwa, kisha huvikokotoa kwa mafungu ya sampuli 64. Tatizo huja pasipo na waya, kama kati ya "delwrite~", inayoandika sauti kwenye kumbukumbu, na "delread~", inayoisoma baadaye ili kuichelewesha. Msomaji akikokotolewa kabla ya mwandishi, ucheleweshaji hauwezi kupungua chini ya fungu moja, yaani takriban milisekunde 1.45 kwenye 44100 Hz. Kwenye kichujio chenye ucheleweshaji mfupi tofauti hiyo inasikika. Suluhisho: weka "delwrite~" ndani ya pachi ndogo yenye "outlet~", na "delread~" ndani ya pachi ndogo nyingine yenye "inlet~", kisha unganisha hizo mbili kwa waya wa sauti. Hata kama waya huo haubebi kitu, unamlazimisha mwandishi atangulie.