Mafuta ya nazi hayazuii malengelenge ya moto

Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu: ukiungua, paka mafuta ya nazi papo hapo, hutatoka malengelenge. Si kweli. Joto hubaki ndani ya ngozi hata moto ukishaondoka, na mafuta huchelewesha kupoa kwake. Chupa ya jikoni inayochovywa vidole nayo hubeba vijidudu.

Mwagia maji ya bomba yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete mapema, kabla vidole havijavimba, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Mtu akiungua usoni, au aliyeungua akiwa mtoto mdogo, nenda kituo cha afya. Muulize nesi yeyote, atakwambia hivyo.

Watu huchanganya kwa sababu kidonda kikishafunga, mafuta hayo hulainisha kweli ngozi kavu. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.