Takwimu za mgonjwa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Kompyuta inayotabiri hali ya mgonjwa kwa takwimu haina upendeleo.

Kompyuta hujifunza kutokana na yale ambayo hospitali zimekuwa zikifanya, mema na mabaya. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilipima uhitaji wa mgonjwa kwa gharama za matibabu yake. Sasa, matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yakigharimiwa fedha kidogo kuliko ya weupe waliougua sawasawa nao, kwa hiyo ikawaona wana nafuu wasiyokuwa nayo. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, weusi miongoni mwa wanaochaguliwa wangeongezeka kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Na rangi ya ngozi haikuwamo kabisa katika hesabu! Kwangu mimi, swali la kwanza kwa kila programu ya namna hii ni moja: inatabiri ugonjwa, au inatabiri matumizi ya fedha?

Dhana: Hatari ikionekana ndogo, mgonjwa yuko salama.

Miaka ya 1990, programu iliyofundishwa kutabiri vifo vya nimonia ilihitimisha kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Daktari yeyote angeshtuka. Ukweli ni kwamba wenye pumu walikuwa wakikimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi, na matunzo ya huko ndiyo yaliyowaokoa. Kuifuata programu ile kungewarudisha nyumbani watu waliohitaji kitanda kuliko wengine.

Dhana: Kutabiri hatari kwa takwimu ni mambo ya hospitali tajiri.

Hapana. Alama za tahadhari za NEWS, za kugundua mapema mgonjwa anayezidiwa, zilizotolewa Uingereza mwaka 2012, hujumlishwa hata kwa kalamu: kasi ya kupumua, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto, ufahamu. Jumla ikipanda, muuguzi anamwita daktari.

Dhana: Jina likifutwa, siri imehifadhiwa.

Latanya Sweeney, mtafiti wa Marekani, alitambua rekodi za hospitali zisizo na jina za William Weld, aliyekuwa gavana wa jimbo la Massachusetts, kwa kuzilinganisha na daftari la wapigakura. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo analoishi vilitosha. Hospitali inayotoa takwimu zake kwa watafiti iandike mwaka wa kuzaliwa badala ya tarehe kamili, na mkoa badala ya mtaa.