Simu Yako si Mbovu: Dhana Potofu Kuhusu Barua Pepe za Ofisini

Wiki iliyopita nililetewa simu mpya kabisa, nailoni ikiwa bado kwenye kioo. Ni ya tatu ndani ya miezi miwili, mkurugenzi yule yule. Na maneno yale yale: "Fundi, kwenye kompyuta barua pepe zinafunguka vizuri tu, kwa hiyo simu ndiyo mbovu." Nikamwomba azime waifai ya ofisi, atumie bando. Barua zikaanza kumiminika pale pale mezani. Akawasha waifai, zikakata.

Ni ugonjwa gani huo wa simu, unaopona ukizima waifai?

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu inakula pesa za watu. Vijana wa Kariakoo wameflashi simu nzima nzima kwa ajili yake. Kompyuta ya ofisini ni mwenyeji: imeingizwa kwenye domeni (kundi la kompyuta zinazosimamiwa na ofisi), inaijua seva ya barua kwa jina la ndani, na inaamini vyeti vya usalama (vitambulisho vya seva) vilivyotolewa humo humo ofisini. Simu ni mgeni, lazima ipige hodi. Inaiuliza DNS (kitabu cha majina na anwani za mtandao) seva iko wapi, inafika kwenye ruta, inapita poti 443 (mlango wa mawasiliano salama), halafu inakagua cheti. Ikikwama popote njiani, inaandika tu kwamba imeshindwa kuunganisha, na lawama zote zinaiangukia yenyewe.

Kwa mkurugenzi huyu, simu ikiwa kwenye waifai ya ofisi ilikuwa ikipewa anwani ya nje ya seva, wakati seva yenyewe iko chumba cha pili. Ruta nyingi hazikubali mtu aliye ndani atoke na kurudi kwa mlango ule ule. Dawa ilikuwa rekodi moja kwenye DNS ya ndani, jina lile lile likielekezwa kwenye anwani ya ndani. Dakika kumi. Simu tatu zilikuwa zimeshanunuliwa.

Ikiwa kinyume chake, yaani waifai ya ofisi inakubali na bando linagoma, angalia jina la nje la seva na kama poti 443 imeelekezwa kwenye seva. Zikigoma zote mbili, nenda kwenye cheti. Fundi aliyejitengenezea cheti cha miaka mitano ili asisumbuliwe tena ajue kwamba tangu iOS 13, iPhone inakataa cheti chochote cha seva kilichotolewa baada ya 1 Julai 2019 kama muda wake unazidi siku 825. Na kabla ya yote hayo, tazama tarehe ya simu! Simu iliyokaa droo bila chaji ikiamka inadhani tuko mwaka mwingine, cheti kizima kinaonekana hakijaanza kutumika.

"Akaunti yangu inajifunga kila saa, nimedukuliwa." Mara nyingi mdukuzi yuko sebuleni kwako. Ulibadilisha nywila Jumatatu, lakini ile tableti ya zamani uliyompa mtoto achezee gemu bado ina nywila ya zamani, na inagonga seva mchana na usiku. Seva inahesabu makosa, yakifika kikomo inafunga. Ondoa akaunti kwenye tableti, mtoto aendelee na gemu lake.

"Simu ikiibiwa, IT watafuta barua za kazi tu." Inategemea unasomea wapi. Kama ni kwenye programu ya barua iliyokuja na simu, amri ya kufuta kutoka Exchange (seva ya barua ya Microsoft) inaweza kuirudisha simu nzima kama ilivyotoka kiwandani, na picha za harusi zikaenda nazo. Kwenye programu ya Outlook inafuta data za akaunti hiyo peke yake. Mimi wateja wangu wote nawaweka Outlook, wabishe wasibishe.

Halafu kuna hii: "Mimi ndiye bosi, nipe haki zote za admini nisipate usumbufu." Usumbufu ndipo unapoanzia. Active Directory (daftari la Windows la akaunti zote za ofisi) inazilinda akaunti za wasimamizi wakuu: kila baada ya dakika 60 inapitia ruhusa zao na kufuta zilizoongezwa pembeni. Enzi za seva ya BlackBerry, iliyopeleka barua za ofisini kwenye simu za BlackBerry, nilikuwa nampa bosi ruhusa ya kutuma, anatuma barua mbili tatu, saa moja baadaye anasoma tu na kutuma hawezi. Nikairudisha, ikafutwa tena. BlackBerry zile zilizimiwa huduma tarehe 4 Januari 2022, lakini ulinzi ule upo mpaka leo, na simu mpya ya admini inaweza kukataliwa na Exchange ya ofisini kwa sababu hiyo hiyo. Bosi apewe akaunti mbili: ya kawaida kwa barua, nyingine kwa usimamizi, na hiyo ya pili isiingizwe kwenye simu yoyote.