Muundo wa zamani au mpya: tofauti yake kwenye tairi la safari la pikipiki

Tairi la safari limetengenezwa kwa ajili ya masafa marefu. Linatakiwa lidumu kilomita nyingi, lishike lami ikiwa kavu na ikiwa imelowa, na libebe dereva, abiria na mizigo bila kuyumba. Ukienda kulinunua, mara nyingi unakuta mawili ya saizi ileile na kampuni ileile, moja likiwa toleo jipya na jingine toleo la miaka mingi nyuma ambalo bado linatengenezwa na linauzwa bei ya chini. Je, lile la bei ya juu lina kitu cha ziada? Linacho, ila si kila dereva atakiona.

Tofauti kubwa kuliko zote imefichwa ndani ya raba. Muundo mkongwe umejengwa kwa tabaka za nyuzi zilizolazwa mshazari, moja ikiinamia kushoto na inayofuata ikiinamia kulia, kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Kwa hiyo ubavu na uso wa tairi vinafanya kazi kama kitu kimoja: ubavu ukibonyea, uso nao unajikunja. Tabaka zinasuguana na joto linapanda, na kwenye mwendo mkali wa saa nyingi joto ndilo linalomaliza tairi. Faida yake ni ubavu mgumu unaostahimili uzito, na ndiyo sababu pikipiki nyingi nzito za mtindo wa kruza, zile zenye kiti cha chini na za mwendo wa kutulia, bado zinatumia matairi ya aina hii.

Kwenye muundo mpya, unaoitwa radiali, nyuzi zinavuka tairi moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha chini ya sehemu inayogusa lami unazungushwa mkanda imara, mara nyingi wa chuma. Hapo ubavu unaweza kubonyea bila kuvuruga uso. Tairi linabaki na joto la chini, linatulia kwenye kasi, na linakanyaga lami vizuri zaidi kwenye kona. Radiali zilianza kufungwa kwenye pikipiki za barabarani miaka ya 1980, lakini pikipiki za safari hazikuhama zote kwa pamoja. Honda Gold Wing GL1500, iliyotengenezwa hadi mwaka 2000, ilikuwa na matairi ya mshazari. GL1800 iliyoirithi mwaka 2001 ikaja na radiali.

Kuzitambua hakuhitaji fundi. Soma maandishi ya ubavuni: kwenye 180/55ZR17, herufi R inasema ni radiali. Ukikuta kistari mahali pa herufi, kama 130/90-16, hilo ni la mshazari, na B ni la mshazari lililoongezewa mkanda. Kama pikipiki yako ilitoka kiwandani na mshazari, usibadilishe kwa kusikia tu kwamba radiali ni ya kisasa. Rimu, fremu na shokapu zilipangwa kwa tairi lile. Kuchanganya, radiali mbele na mshazari nyuma au kinyume chake, ni jambo la kufanya pale tu mtengenezaji wa pikipiki ameliruhusu.

Wengi wetu, hata hivyo, tunachagua kati ya radiali na radiali, ya jana na ya leo. Hapo kilichobadilika zaidi ni raba yenyewe. Zamani raba ilipewa nguvu kwa masizi ya kaboni, lakini siku hizi matairi ya safari yana silika nyingi, yaani unga laini wa madini, na faida yake inaonekana kwenye lami iliyolowa au yenye baridi, kabla tairi halijapata moto. Kisha kuna kuchanganya raba mbili ndani ya tairi moja, ngumu katikati na laini pembeni. Hili ni kubwa kwa msafiri. Ukienda mamia ya kilomita kwenye barabara iliyonyooka, katikati panaliwa hadi tairi la nyuma linakuwa bapa. Unalihisi ukianza kuingia kona: pikipiki inagoma kulala, halafu ghafla inaanguka ubavuni kama imevuka ukingo wa ngazi. Raba ngumu katikati inachelewesha hali hiyo.

Kampuni ya matairi ya Michelin inaonyesha hatua hizi vizuri. Pilot Road 2 ya mwaka 2007 ilileta raba mbili kwenye tairi la safari. Pilot Road 3 ya 2011 ikaongeza mipasuo myembamba inayokata na kunywa maji barabarani. Tatizo la mipasuo ya namna hiyo ni kwamba tairi likiisha nayo inapotea. Road 5 ya 2018 ikajibu kwa mipasuo inayopanuka kadiri raba inavyolika. Michelin ilitangaza kwamba tairi hilo, likiwa limeshatembea zaidi ya kilomita 5,000, linasimama kwenye maji ndani ya umbali sawa na Pilot Road 4 mpya. Ni majaribio yao wenyewe, lakini yanaonyesha pesa ya toleo jipya inakwenda wapi.

Kwa hiyo anayesafiri kwenye mvua, au anayeondoka alfajiri lami ikiwa bado ya baridi, namshauri alipie toleo jipya bila kusita. Breki ya ghafla kwenye maji haina nafasi ya pili. Anayeendesha kwenye joto na lami kavu, kwa mwendo wa kawaida, atapata huduma nzuri kabisa kutoka toleo lililotangulia.

Sharti ni moja: muundo uwe wa zamani, raba isiwe ya zamani. Tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Toleo la zamani lililotoka kiwandani mwaka huu ni salama kuliko toleo jipya lililokaa ghalani miaka sita, kwa kuwa raba hukauka na kuwa ngumu hata bila kutembea. Ukiona nyufa ndogo kati ya mifereji, liache hapohapo hata kama bei inavutia.

Angalia pia namba ya uzito, msimbo wa mzigo wa juu ambao tairi linaweza kubeba. 73 ni kilo 365 kwa tairi moja, upepo ukiwa kamili. Pikipiki kubwa yenye abiria na mabegi matatu inaweza kuhitaji toleo maalumu lenye mwili mgumu zaidi, ambalo baadhi ya watengenezaji huliandika GT. Na ukiamua toleo, funga hilohilo mbele na nyuma, kwa sababu watengenezaji huyaunda na kuyajaribu kwa jozi.